Dkt. Khairiya Mjaka Khatib wa Gando, Aliyetafuta Namna ya Kuisafisha Damu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashehe wetu, wazee wetu, majirani wa Gando, na wageni wetu mliovuka kutoka Unguja na Dar es Salaam, leo tunaanua tanga na kaburi la dada yetu bado bichi. Hitma imeshasomwa, Mwenyezi Mungu aipokee. Wenzake wa chuo kikuu wameomba maisha yake yaandikwe, yasomwe mbele yenu na yachapwe kwenye karatasi hii mliyonayo mikononi. Kazi hiyo nimeachiwa mimi, Hafiz Mjaka, mdogo wake anayemfuata kwa kuzaliwa. Mimi ni mwalimu wa jiografia huko Micheweni. Mambo ya sayansi yake nitayasema kama alivyonielewesha mwenyewe, na nikiteleza wenzake wanisamehe.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, hapa hapa Gando, Wilaya ya Wete, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mjaka Khatib, mkulima wa muhogo na karafuu, na Bi Mgeni Nyange. Mimi nilifuata mwaka 1970, na kitinda mimba wetu, Ridha, alizaliwa mwaka 1976. Ridha alilelewa zaidi na mgongo wa dada yake kuliko wa mama, kwa sababu msimu wa karafuu mama alikuwa shambani tangu asubuhi. Watu wazima wa hapa wanakumbuka namna alivyokuwa akienda nae chuoni kusoma Kurani, mtoto kamfunga kwa kanga, juzuu iko mkononi.

Alianza skuli ya msingi hapa Gando mwaka 1974, akaendelea na sekondari Wete, kisha akavuka Unguja kwa kidato cha tano na cha sita. Mwaka 1991 alihitimu shahada ya sayansi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifundisha kemia kwa miaka michache, na mwaka 1995 akapata nafasi ya masomo ya juu nchini Uholanzi, alikobobea katika bayokemia, yaani elimu ya kemia ya vitu vyenye uhai. Alirudi na udaktari wa falsafa mwaka 2000. Katika miaka hiyo ndipo baba yetu alipofariki, Oktoba 1998. Habari ilimfikia tumeshazika. Aliniambia kuwa siku ile alikwenda maabara kama kawaida, akavaa koti lake jeupe, akakaa mbele ya mashine bila kuiwasha mpaka wenzake walipoondoka.

Mwaka 2001 alianza kufundisha na kufanya utafiti katika chuo cha tiba Dar es Salaam, na mwaka huo huo, tarehe 21 Julai, aliolewa na Bwana Ishak Duni wa Mtambile, mtaalamu wa maabara. Marehemu alikuwa na miaka thelathini na minne, na baadhi ya shangazi zetu walikwisha kukata tamaa nae. Bwana Ishak alipokuja kuposa, shangazi mmoja alimuuliza anampendea nini mwanamke anayeshinda na chupa za damu. Akajibu, "Na mimi nashinda nazo. Tutakuwa tunarudi nyumbani wakati mmoja." Mwenyezi Mungu aliwajaalia binti mmoja, Ummkulthum, aliyezaliwa mwaka 2003.

Kazi yake ilikuwa juu ya figo. Mtu ambaye figo zake zimekufa huunganishwa na mashine inayosafisha damu, na mashine ile kwa kweli ni kichujio. Sumu ndogo ndogo hupenya kwenye vitundu vyake zikatoka. Lakini ziko sumu nyingine ambazo ndani ya damu zimeng'ang'ania protini. Protini ni kubwa, haipiti kwenye vitundu, wala haitakiwi ipite, maana mwili unaihitaji. Basi na sumu zilizoishika hazipiti. Mgonjwa anasafishwa damu, anarudi nyumbani, na zile sumu anarudi nazo.

Mwaka mmoja alipokuja likizo alimwomba mama kifumbu cha kuchujia tui arudi nacho Dar es Salaam. Mama akashangaa. "Chuo kikuu kizima hakina kifumbu?"

"Wana mashine za kila namna, mama. Kifumbu hawana."

Akakipeleka darasani, akachuja tui mbele ya wanafunzi wake wa udaktari. Akawaambia: tui limepita, chicha limebaki, na chicha bado lina ladha ya nazi ndani yake. "Sasa nambieni, mtaitoaje ile ladha bila ya kumwaga chicha? Mkijua hilo, mmeijua kazi yangu." Wanafunzi wake, ambao leo ni madaktari na wengine mko hapa, mlimpa jina la Bi Kifumbu. Alilijua na alilipenda.

Fikra aliyoishughulikia kwa miaka mingi ilikuwa hii: itafutwe dawa ambayo nayo hupenda kuishika protini, mahali pale pale sumu ilipokaa. Dawa ikiingia, sumu itasukumwa, itaachia, na ikishaachia mashine itaitoa. Mwaka 2011 alifanikiwa kulionyesha jambo hilo kwenye damu iliyo ndani ya chupa. Mwaka uliotangulia umeme ulikatika na barafu ya friza ikayeyuka, sampuli zote za damu zikaharibika, na ilibidi aanze kukusanya upya. Sikupata kumsikia akiisimulia habari ile kwa masikitiko. Alisema tu kuwa mara ya pili alifanya vizuri zaidi. Mwaka 2014 kamati ya maadili iliruhusu dawa ile ijaribiwe kwa wagonjwa.

Na hapa lazima nimseme ndugu yetu Ridha, kwa sababu maisha ya marehemu hayasimuliki bila yeye.

Ridha alikuwa seremala Mtambile. Milango mingi ya kule ni kazi ya mikono yake. Presha ilimla figo kidogo kidogo bila ya yeye kujua, na mwaka 2013 alipovimba miguu na kupelekwa hospitali, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Alihamia Dar es Salaam kwa dada yake ili asafishwe damu, yeye na mkewe Shadya, na mama akawafuata. Habari ya kupandikizwa figo ilizungumzwa. Mimi nilipimwa nikakutwa na kisukari, na damu ya dada haikuafikiana na yake. Ikabaki mashine.

Kilichomtesa Ridha kuliko vyote kilikuwa mwasho. Si mwasho wa ngozi unaotulia kwa mafuta, ni mwasho unaotoka ndani. Alijikuna mpaka mikono na mapaja yakawa vidonda. Siku moja, nami nipo, alimuuliza dada, "Huu mwasho ndio zile sumu zako?"

"Tunadhani ndizo," alijibu.

Ridha akacheka. "Umezisomea Ulaya miaka yote, zimekufuata nyumbani."

Ijumaa moja mwishoni mwa mwaka 2014, nikiwa kwao likizo, baada ya chakula cha mchana, mama alimwita dada mbele yetu sote.

"Khairiya, hiyo dawa mnayowapa watu wa utafiti, inaondosha huu mwasho?"

"Inapunguza sumu, mama. Kama inamfaa mgonjwa mwenyewe, bado hatujajua."

"Basi mpe ndugu yako."

"Ridha ana vidonda vya tumbo. Wenye vidonda vya tumbo hatuwaingizi. Dawa hii inaweza kuwatoa damu."

"Anajitoa damu kwa kucha zake kila siku," mama alisema. "Mtazame."

Ridha alijaribu kumtuliza mama, kisha akamgeukia dada. "Mie nimekubali. Likinipata la kunipata, sikulaumu. Nipe tu."

Marehemu alikuwa na funguo za kabati ya dawa za utafiti kwenye mkoba wake, sote tulijua. Akasema, "Ridha, ningekuwa na hakika, ningekutia kwa mkono wangu mwenyewe. Sina." Akaenda jikoni. Bwana Ishak alimfuata, na hakuna aliyerudi sebuleni mpaka chai ilipopoa.

Ridha alifariki Jumapili, tarehe 19 Aprili 2015. Moyo ulisimama akiwa amekaa kitandani anasubiri gari ya kumpeleka kusafishwa damu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Tulimleta Gando, na dada ndiye aliyesafiri pamoja na maiti. Tuliporudi kutoka makaburini, mama alikuwa ndani na wanawake wenzake. Dada alipoinama kumpa mkono, mama alisema neno ambalo wengi mliokuwepo mlilisikia: "Nna mwana kaburini, na nna mwana ana dawa mkobani."

Tangu siku ile mama alibaki hapa Gando, na hakuzungumza nae. Dada alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Mama alinipa mimi simu nizungumze, na mwisho husema, "Mwambie salamu zake zimefika." Sikukuu zilikuja zikapita hivyo hivyo. Marehemu hakujitetea kwa mtu yeyote. Mimi nilipomwambia nitazungumza na mama, alinikataza. "Kafiwa na mwanawe," alisema. "Mwache awe na mtu wa kumkasirikia."

Utafiti uliendelea. Mwaka 2017 hesabu zilipofanywa, ilionekana kuwa kwa wagonjwa waliopewa dawa sumu zilipungua kweli kweli, kama alivyotarajia. Lakini mwasho haukupungua. Hawakulazwa hospitali mara chache zaidi kuliko wenzao wasiopewa dawa, wala hawakuishi zaidi. Na baadhi yao walitokwa na damu tumboni. Mzee mmoja wa Kibaha alifariki kwa hilo, naye alikuwa amepimwa kabla ya kuingizwa na hakukutwa na kidonda chochote. Kamati ikausimamisha utafiti. Marehemu alikwenda Kibaha mwenyewe kuwapa mkono watoto wa yule mzee. Bwana Ishak alimngoja nje kwenye gari, na anasema aliporudi alikaa kiti cha nyuma, mahali ambapo hakuwa akikaa kamwe.

Mshirika wake mmoja wa nje alimshauri achapishe kwanza ile nusu nzuri, kuwa sumu zilipungua, na hayo mengine yaje baadaye. Alimjibu kuwa mgonjwa hazijui namba zake, anachojua ni kama jana alilala au hakulala. Mwaka 2018 alichapisha yote kwa pamoja, pamoja na kifo cha yule mzee, na jina lake likiwa la mwanzo. Baada ya hapo ufadhili haukuja tena. Wanafunzi wake wawili wa shahada ya uzamivu walihamia kwa wasimamizi wengine, na yeye ndiye aliyewaandikia barua za kuwasifu.

Mara tu utafiti uliposimamishwa mwaka ule wa 2017, kabla ya kuandika neno, alikuja Gando. Hakutuarifu. Nilikuwa nimekaa barazani nikamwona anashuka kwenye gari na mkoba mmoja tu. Alipita ndani moja kwa moja, nami nikamfuata. Mama alikuwa kitandani anapepeta mchele kwenye ungo mapajani. Dada alikaa chini, kwenye sakafu, mgongo ameegemeza ukutani.

"Mama, ile dawa haikufaa," alisema. "Imemwua mtu."

Mama aliendelea kupepeta.

"Sikuja kukuonyesha kuwa nilikuwa sawa. Yule mzee hakuwa na kidonda cha tumbo, tulimpima. Kwa hivyo hata ile sababu niliyomnyimia Ridha dawa haikuwa na maana."

"Ungempa, angeishi?" mama aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu maziko.

"Sijui, mama. Nilipomnyima nilikuwa sijui, na mpaka leo sijui."

Mama akauweka ungo chini. "Alikuwa akijikuna hata usingizini," alisema. "Mie kifo nimekipokea, kila mtu atakufa. Ule mwasho ndio sijaupokea."

"Na mie," dada akasema.

Nilirudi barazani nikawaacha. Sauti ya kilio cha mama sikuwahi kuisikia vile, hata siku ya Ridha.

Baada ya hapo marehemu alibadilisha kazi yake. Aligundua kuwa katika vituo vingi mgonjwa hupimwa kila kitu cha damu na haulizwi kama anawashwa. Akaanza kupita vitandani kuwauliza mwenyewe, mhadhiri mzima na kiti chake cha plastiki, na akaandika mwongozo mfupi wa namna ya kuwauliza na namna ya kuwapunguzia. Baadhi ya vituo vinautumia. Si dawa. Wenzake waliofika juzi wamenambia kuna wagonjwa wanaopata angalau usingizi kidogo kwa sababu yake, na mimi nimeona nilitaje. Alianza pia kutengeneza kichujio kingine cha mkaa maalumu, ambacho kingezinasa zile sumu bila ya kumtia mgonjwa dawa. Kazi hiyo haikukamilika. Sampuli zake zipo kwenye friza Dar es Salaam na hajapatikana bado wa kuziendeleza.

Mwezi Agosti mwaka jana alianza kuumwa tumbo na mgongo, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Aliyasoma majibu mwenyewe kabla ya daktari wake. Bwana Ishak anasema alimkabidhi ile karatasi akamwambia, "Ishak, hii si ya kupona. Tusidanganyane, tutachoka." Alitibiwa Dar es Salaam, nywele zikamtoka, akakonda, na maradhi yakaenda mpaka kwenye ini. Mwezi Mei mwaka huu aliomba arudishwe Gando.

Miezi yake ya mwisho ilikuwa migumu, na sitaipamba. Maumivu yalimfanya asiweze kulala chali wala ubavu. Chakula kilimshinda, ikabaki uji mwepesi na maji ya dafu, navyo mara nyingi havikukaa. Bi Mgeni alimlisha kwa mkono wake, mama wa miaka sabini na sita anamlisha mwana wa hamsini na nane. Muuguzi alipokuja mara ya kwanza na dawa kali ya maumivu, mama alimzuia mlangoni akamuuliza, "Hiyo imeshajaribiwa kwa watu?" Marehemu alicheka mpaka akaumia. "Imejaribiwa, mama. Hii inajulikana." Mama ndipo akampisha.

Kwangu mimi aliacha wasia mmoja kuhusu maneno haya ninayoyasoma. "Hafiz, usiandike kuwa niligundua dawa. Watu wenye wagonjwa watasikia, watatumaini." Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Andika kuwa nilitafuta." Kisha akasema amechoka, nikampangusa uso, nikatoka.

Dkt. Khairiya alifariki Jumatano, tarehe 13 Agosti 2025, wakati wa dhuha, katika chumba cha mama hapa Gando, mumewe na binti yake wakiwa pembeni na kichwa chake kikiwa kwenye paja la mama. Tulimzika siku ile ile baada ya sala ya alasiri.

Ameacha mume, Bwana Ishak Duni, ambaye kwa mwaka mzima hakulala pengine isipokuwa sakafuni kando ya kitanda chake. Ameacha binti, Ummkulthum Ishak, mwanafunzi wa uhasibu Unguja. Ameacha wifi, Bi Shadya, mjane wa Ridha, pamoja na watoto wa Ridha ambao yeye ndiye aliyewasomesha. Ameacha wanafunzi wengi, na wagonjwa ambao hatuwajui majina. Ameacha ndugu mmoja, mimi. Na ameacha mama yetu, Bi Mgeni Nyange, aliyemo humo ndani na ananisikia. Mama alizaa watatu. Amebakiwa na huyu anayewasomea.

Ewe Mola wetu, mja wako huyu alihangaika na maumivu ya watu, kisha nae akaonja yake. Msamehe alipokosea, mkunjulie kaburi lake, na umpe usingizi usio na maumivu ndani yake. Mkutanishe na baba yetu na ndugu yetu Ridha katika rehema yako, na sisi tuliobaki, na mama yetu kabla ya sisi, tupe subira ya kuzibeba siku zinazokuja. Amin.